Famasi ya kona Mbagala, waliuliza kwanza
Jamani hii famasi naipa nyota tano. Binti yangu ana aleji ya penisilini, mwaka juzi duka jingine walimpa Ampiclox, ambayo ni jamii ya penisilini, bila kuuliza chochote, haikupita nusu saa midomo imevimba, vipele mwili mzima, tukakimbia naye hospitali, sijasahau mpaka leo. Sasa juzi kaandikiwa amoksisilini ya tonsesi, nayo ni penisilini, nikaenda na cheti, yule dada wa dirishani kabla hajagusa hata boksi akaniuliza "mama, mtoto ana aleji yoyote?" Nikamwambia. Akaweka cheti pembeni, akauliza alivimba au alitapika tu, maana kutapika peke yake mara nyingi sio aleji, kisha akampigia daktari palepale wakabadilisha kuwa azithromaisini. Kumbe hata Augmentin ni penisilini! Na sefaleksini, antibiotiki inayokaribiana na penisilini, nayo akasema kwa mtoto aliyevimba vile tusithubutu kumpa bila daktari kujua. Akachukua peni nyekundu akaandika juu ya daftari la kliniki la binti yangu, herufi kubwa, ALEJI PENISILINI. Jioni foleni ndefu na bei zao zimechangamka kidogo, ila mimi hapa sihami.