Kicheza muziki cha bei nafuu: sauti inapokwaruza, kosa ni la nani?

Vicheza muziki vidogo visivyo na jina kubwa, vile vyenye kibanio cha kubana kwenye kola ya shati na tundu la memori kadi ubavuni, bado vinapata wateja Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi, ingawa Apple yenyewe ilitangaza kuachana na iPod, kicheza muziki chake, mwezi Mei 2022. Wanaovinunua wana sababu zao: betri ya simu haiguswi, hakuna ujumbe wa kukatiza wimbo, na kifaa kikidondoka kwenye daladala hasara yake inavumilika. Nilichonacho mimi ni cha aina hiyo, cha chini ya shilingi 40,000 za Tanzania, na lalamiko linalosikika zaidi juu yake ni kwamba sauti inakwaruza. Nimekichunguza kwa utulivu, na naona kwamba lawama nyingi kinazobebeshwa si zake, isipokuwa moja.

Hiyo moja ni ikwalaiza, yaani mpangilio wa kupandisha au kushusha besi na sauti kali. Kifaa kinatoka kiwandani kikiwa kimeshawekewa mpangilio wa kuzidisha besi, nadhani ili mteja anayekijaribu dukani avutiwe na mdundo na kutoa pesa. Muziki wa kidijitali wa kiwango cha CD huhifadhiwa kwa vipimo 44,100 kila sekunde, kila kipimo kikiwa cha biti 16, kwa hiyo namba ya juu kabisa inayoweza kuandikwa ni 32,767. Nyimbo nyingi za siku hizi, Bongo Fleva zikiwemo, hutoka studio zikiwa zimekwisha kuigusa dari hiyo. Ukiongeza besi kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) unakuwa umeitaka sehemu hiyo ya wimbo iwe maradufu, na kwa kuwa juu hakuna nafasi iliyobaki, vilele vya mawimbi hukatwa vikawa bapa. Kukatwa huko ndiko tunakokusikia kama mkwaruzo, hasa pale ngoma nzito inapopigwa wakati mwimbaji amepandisha sauti.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba kupunguza sauti hakusaidii kitu. Ikwalaiza ya kifaa hiki hufanya kazi yake kabla ya kidhibiti cha sauti, hivyo ukipunguza unabaki na mkwaruzo ule ule, ila wa chini zaidi. Lakini jambo hilo hilo linakupa kipimo rahisi kuliko vyote: teremsha sauti mpaka robo, kisha sikiliza. Mkwaruzo ukiendelea, umetoka kwenye faili au kwenye ikwalaiza. Ukitoweka, tuhumu ampilifaya ya ndani au spika za masikioni. Niliporudisha mpangilio wa kawaida, wimbo uliokuwa ukikoroma ulitulia papo hapo, na besi iliyobaki, ingawa imepungua, ilikuwa ya kufuatika noti kwa noti badala ya kuwa mngurumo mmoja.

Asiyeweza kuishi bila besi anayo njia. Programu ya MP3Gain, inayotumika kwenye kompyuta, hushusha kiwango cha sauti cha faili la MP3 kwa hatua za desibeli 1.5 bila kulikandamiza upya, yaani bila kulipunguza ukubwa kwa kutupa sehemu ya sauti, na nafasi inayopatikana ndiyo ikwalaiza itakayoitumia. Watengenezaji wangeweza kutuondolea usumbufu huu kwa kukifanya kifaa kishushe kwanza sauti yote kabla ya kupandisha besi, kama inavyowezekana katika Rockbox, programu huria ya vicheza muziki. Kukosekana kwake hapa nauita uzembe, kwa sababu hakungehitaji kipuri hata kimoja.

Baada ya hapo, mashtaka yanahamia kwenye nyimbo zenyewe. Wengi wetu humpa kijana wa kibandani memori kadi akatujazia nyimbo kwa mkupuo, na nyimbo hizo zimepita mikono mingi, kila mkono ukizikandamiza tena. Faili la kilobiti 128 kwa sekunde lililokandamizwa mara kwa mara hujitambulisha kwenye sauti kali: katika taarabu, nyuzi za kanuni, ile ala ya kudonoa, hupoteza makali yake na zikawa kama zinachuruzika maji. Kuligeuza kuwa la kilobiti 320 kunaongeza ukubwa wa faili tu, kwani kilichokwisha kutupwa hakirudi. Hata hivyo, anayesikiliza nyimbo alizorekodi Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, huko Bombay kuanzia mwaka 1928 asikilaumu kifaa wala kibanda. Mchakarisho ule ni wa santuri.

Sauti inayokatika au kuruka ni ugonjwa mwingine, na mara nyingi chanzo chake ni kadi bandia inayojitangaza kuwa na nafasi kubwa kuliko iliyo nayo. Ijaribu kwa H2testw, programu ya kompyuta ya kupima kadi, kabla ya kuijaza.

Upo pia mkanganyiko wa tundu la spika za masikioni, ambalo katika kifaa hiki ni la kina kifupi na linashika vumbi. Pini isipoingia mpaka mwisho, waya wa pamoja wa pande mbili hukosa mguso, na mwimbaji, ambaye kwa kawaida husikika katikati, hutoweka, ukabaki mwangwi na vyombo vya pembeni. Mtu anaweza kuapa kwamba wimbo umeharibika. Zima kifaa, safisha tundu kwa kijiti cha mti kikavu, kisha sukuma pini mpaka isikike ikiingia.

Kwa bei yake ningekinunua tena, kwa sharti kwamba muuzaji akubali nikijaribu kwa kadi yangu mwenyewe, ikwalaiza ikiwa imezimwa. Spika za masikioni zinazokuja ndani ya boksi ziacheni humo humo: zinapasuka sauti ikizidi nusu, na hilo hakuna mpangilio wa kuliponya.