Karakana ya Muziki wa Magari Kisekka: Geini Iliyopimwa kwa Mita

Kazi niliyofanyiwa kwenye muziki wa gari langu katika karakana moja karibu na soko la Kisekka, Kampala, inastahili sifa, kwa sababu fundi hakukisia kwa sikio geini ya amplifaya, yaani kifaa kinachokuza mawimbi ya sauti kutoka kwenye redio, bali aliipima. Wengi huichukulia geini kuwa kitufe cha kuongeza sauti, ilhali kazi yake ni kuoanisha amplifaya na volti zinazotoka kwenye redio.

Kwanza alichomoa nyaya za sabufa (spika ya besi), akazima nyongeza ya besi, akairudisha ekwalaiza (kirekebishi cha besi na sauti nyembamba) kwenye sifuri, akapandisha sauti ya redio hadi robo tatu, kisha akacheza mlio wa hezi 50 na kuzungusha geini taratibu kutoka chini kabisa hadi mita iliyounganishwa kwenye matokeo ya amplifaya iliposoma volti 40 za mkondo geu. Hesabu yake iko wazi: amplifaya yangu hutoa wati 400 kwa sabufa yenye ukinzani wa omu 4, zidisha hizo mbili upate 1,600, ambayo kipeuo chake cha pili ni 40. Ukipandisha geini kupita kiasi, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa, na koili ya sabufa (waya uliozungushwa ndani yake) hupata joto linaloweza kuiunguza.

Sasa besi inasikika safi, na gitaa la kadongo kamu, muziki wa Uganda wa gitaa moja, halifunikwi tena. Upungufu ninaouona ni kwamba karakana haina osiloskopu, kifaa ambacho kingeonyesha kama redio yenyewe inakata mawimbi kabla hayajafika kwenye amplifaya. Kwa bei wanayotoza, wanapaswa kuwa nacho.