Rekoda: chaja ya prizi ao mapile AA?

Ukisikia "mmmm" ya chini nyuma ya sauti, ile yenye haiachake, mara mingi ni umeme, 50 Hz (mitetemo 50 kwa sekunde) na mwenzake 100 Hz. Apa Goma wengi wanachomekaka rekoda ku prizi ao ku jenereta na kweli ile iko na faida, unarekodi kwaya nzima bila kuogopa ikufie mukononi, lakini chaja ya bei kidogo inaingizaka kamlio ka juu juu, na kama rekoda imefungwa tena ku mikseri yenye iko ku prizi ingine, masi (waya ya udongo) inakuwa na njia mbili, mngurumo unazidi.

Mapile sasa. Chomoa chaja, weka pile, vaa kaske: makelele ikiisha, chaja njo mwizi, ikibaki, angalia waya ya mikro, na simu iweke mbali (ile "trrr-trrr" inatokaka kwayo). Ubaya ni makuta, zaidi ukiwasha 48 V (umeme yenye rekoda inatumaka ku mikro kondensa), pile zinaisha mbio. Miye napenda za kuchaji, NiMH za 1,2 V, ila badilisha aina ya pile mu menyu, bila vile rekoda itakudanganya kama zimeisha. Pawa benki? Jaribu kwanza, zingine zinapiga filimbi.