Kisu cha Kukunja: Kipi Ununue Ikiwa Hutaki Kazi ya Mbunifu Iporwe

Watengenezaji wa visu vya kukunja wameigana tangu zamani, na si kila kuiga ni wizi. Kabla ya kuingia sokoni, tenganisha mambo matatu: komeo linalozuia bapa lisikufungie vidole, umbo la kisu, na jina lililochorwa juu yake. Komeo jipya hulindwa kwa hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasiige, ambayo kwa kawaida hudumu miaka 20 tangu ombi lilipopelekwa. Baada ya hapo ni ruhusa kwa kila mtu. Umbo nalo husajiliwa, ila mafundi wadogo wengi hawasajili kwa sababu ya gharama. Jina halina mwisho, mradi mwenyewe alitumie na kulipia usajili wake.

Nafasi ya kwanza naipa Opinel, na Victorinox iko begani kwake. Mtu akikwambia ananunua kopi kwa kuwa vitu halisi ni ghali, mwonyeshe Opinel. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza mwaka 1890 huko Savoie, Ufaransa, na pete inayozungushwa kulifunga bapa iliongezwa mwaka 1955. Mpini wa mti, bapa, pete, basi. Ni miongoni mwa visu halisi vya bei ndogo kabisa. Kasoro yake ni kwamba mti ukilowa huvimba, na bapa linagoma kutoka. Tena hakifunguki kwa mkono mmoja. Anayetaka na mkasi na bisibisi humo humo achukue Victorinox.

Ya pili ni visu vya leseni. Hapa fundi anayeuza kazi za mkono kwa bei ya kutisha huiruhusu kampuni kubwa itoe toleo la bei ya chini, naye analipwa mrabaha. Kisu cha Kershaw Cryo ni umbo la fundi Rick Hinderer, kile cha CRKT M16 ni la fundi Kit Carson, na majina yao yanatajwa wazi. Chuma chake huwa cha daraja la chini kuliko cha fundi mwenyewe, lakini umepata mchoro uleule na aliyeuchora kapata chake. Mimi ningeanzia hapa ikiwa kinachonivutia ni umbo la kisu fulani cha bei kubwa.

Ya tatu: komeo la kuazima, umbo la kwao. Watu wengi huwalaumu watengenezaji hawa bila sababu. Komeo la ubamba (kipande chembamba cha chuma ndani ya mpini kinacholizuia bapa) ambalo fundi Michael Walker alilikamilisha miaka ya 1980, na lile la fremu (upande wa mpini wenyewe ndio unaolizuia) ambalo fundi Chris Reeve alilileta na kisu chake cha Sebenza, leo yako kila mahali, na hakuna anayeona haya kuyatumia. Komeo la pini ya chuma iliyokingama ndani ya mpini, ambalo kampuni ya Benchmade ilianza kuliuza mwaka 1998 kwa jina la Axis, lilibaki lao peke yao mpaka hataza ilipokwisha. Sasa kampuni nyingi zinalo, na ni haki yao. Wasichoweza kuchukua ni jina Axis. Mfano mgumu kidogo ni kitundu cha mviringo cha kufungulia bapa kwa kidole gumba, cha kampuni ya Spyderco. Hataza yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 imeshapita, lakini kampuni ilikisajili kitundu chenyewe kuwa alama ya biashara. Ukikiona kwenye bapa la chapa nyingine, uliza kama kuna kibali.

Nafasi ya nne inaniwia vigumu: visu viitwavyo Laguiole. Hilo ni jina la kijiji cha Ufaransa, si la kampuni, na umbo la nyuki lililo mgongoni mwa kisu si ushahidi wa chochote. Mwaka 1993 mfanyabiashara asiye wa kijijini alilisajili jina hilo, na mwaka 2012 wanakijiji wenyewe waling'oa kibao cha kijiji chao kwa hasira. Kinunue, ila tafuta jina la karakana pamoja na neno Laguiole. Likikosekana, huna unachokijua.

Ya tano ni kopi ya wazi: umbo la mtu, kipimo kwa kipimo, lakini chapa ni ya mwigaji. Wanaoitetea husema wasingenunua halisi hata hivyo, kwa hiyo hakuna aliyepoteza. Kwa kampuni kubwa huenda ni kweli. Kwa fundi anayetoa visu vichache kwa mwaka si kweli, maana umbo ndilo duka lake lote, na likishazagaa hata kampuni iliyotaka kumlipa leseni inarudi nyuma. Sheria inaweza kuwa haina neno, hasa kama hakusajili. Mimi nina neno: sinunui, na hasa fundi akiwa bado hai na anauza.

Mkiani kabisa ni feki, chenye nembo ya watu. Hapo hata mnunuzi ameibiwa. Aliyedanganya kuhusu jina hashindwi kudanganya kuhusu chuma kilichoandikwa kwenye bapa, na komeo ambalo hujui limetoka wapi ndilo linalosimama kati ya makali na vidole vyako. Bei ikiwa robo ya ile ya wakala rasmi, umeshajibiwa. Kama unacho tayari, kitumie kufungulia maboksi; siku ya kukiuza, mwambie mnunuzi ni feki kabla hajauliza bei.