Kamera ya gari: ipi ununue ukiwa Arusha au Moshi

Kamera yangu ya kwanza ilifia Moshi. Niliegesha juani karibu na soko la Mbuyuni saa nne asubuhi. Niliporudi saa nane, betri ya lithiamu ilikuwa imetuna hadi kasha limepasuka. Muuzaji akaniambia waranti haihusu jua. Sasa swali langu la kwanza dukani ni hili: ndani kuna betri au kapasita?

Kwa hiyo namba moja kwangu ni kamera ya mbele pekee, yenye kapasita. Kapasita hutunza umeme kidogo tu, wa kumalizia kuhifadhi video ya mwisho gari linapozimwa, ila joto inalivumilia kuliko betri. Viofo A119 Mini 2 ni mfano mzuri: ina kapasita, sensa ya Sony Starvis 2 inayonasa picha vizuri gizani, na picha ya 1440p. Watu wa Arusha tunavaa sweta Julai tukadhani joto ni la Dar. Kioo cha mbele hakivai sweta.

Kuhusu 4K, ile picha kali kuliko 1440p, tulia kwanza. Anayetoka Arusha asubuhi kwenda Moshi analikabili jua, na akirudi jioni analikabili tena. Hapo kinachookoa namba ya gari la mbele ni HDR, uwezo wa kamera kusawazisha mwanga mkali na giza kwenye picha moja. Mwombe muuzaji akuonyeshe video ya usiku. Za mchana zote hupendeza.

Namba mbili ni ya mbele na nyuma. Inakufaa ukishinda kwenye foleni, bodaboda zikikupitia kila upande. Ila kama njia yako ni ya vumbi, ya nyuma itarekodi kioo kichafu tu.

Namba tatu huongeza jicho la ndani, kwa wa teksi na magari ya watalii. Waambie abiria kwamba wanarekodiwa: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Ya mwisho ni ile ya kufunga juu ya kioo cha kutazamia nyuma. Inavutia, lakini inashikiliwa na mikanda ya mpira, na kwenye matuta madogo ya rasta inacheza ngoma.

Usibane pesa kwenye memori kadi. Nunua iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo; ya kawaida ya simu huchoka mapema. GB 32 kwa 1080p hubeba kama saa nne, kisha video za zamani zinafutwa. Ukitaka irekodi gari likiwa limeegeshwa, fundi umeme aunge kwenye fyuzi kwa kifaa kinachokata umeme betri ya gari ikishuka. Mwenye Fuso ahakikishe kifaa hicho kinakubali volti 24.

Ukigongwa, bonyeza kitufe cha kufunga video isifutwe kabla hujashuka kubishana. Usipofanya hivyo, siku utakayoitwa kwa trafiki utakuta kadi imejaa foleni ya Kilombero.