Ubinadamu wa Homelander na Nguvu za Saa 24: Tathmini ya Msimu wa Tatu wa The Boys

Kiswahili kina maneno mawili ambayo mara nyingi tunayatumia kana kwamba ni pacha, ubinadamu na utu, lakini mtu akiyatafakari kidogo ataona kwamba hayalingani. Ubinadamu mtu huzaliwa nao, kwa kuwa ni mwana wa Adamu. Utu huonekana kwa matendo, na ndiyo maana tunaweza kusema kwamba fulani ni mtu lakini hana utu. Ninaanza na tofauti hiyo kwa sababu ndiyo iliyonisaidia kuuelewa msimu wa tatu wa The Boys, tamthilia ya Marekani inayoonyeshwa na Prime Video, ambao nimeutazama kwa mara ya pili, safari hii bila haraka, kipindi kimoja kila jioni. Mara ya kwanza niliona damu nyingi na mizaha ya ovyo. Mara ya pili niliona hadithi ya mtu mmoja anayehangaika kuung'oa ubinadamu wake kama jino bovu, huku watu wa kawaida wanaompinga wakijidunga nguvu zinazofanana na zake ili waweze kumkabili.

Msimu huu wenye vipindi 8 ulianza kuonyeshwa tarehe 3 Juni 2022 na kumalizika tarehe 8 Julai mwaka huohuo. Msimamizi wake mkuu ni Eric Kripke, na asili yake ni hadithi za katuni za Garth Ennis na mchoraji Darick Robertson zilizoanza kutoka mwaka 2006, ingawa tamthilia imekwisha kushika njia yake yenyewe. Kwa asiyeifahamu, ulimwengu wake ni huu: kampuni kubwa iitwayo Vought inamiliki mashujaa wenye nguvu za ajabu, inawatangaza kama sabuni, inawapima umaarufu kama mwenye duka anavyopima mauzo, na kwa muda mrefu ilificha kwamba nguvu hizo hazikutoka mbinguni bali zilitokana na dawa, Compound V, ambayo watoto walidungwa wakiwa wachanga. Anayetaka kuanzia msimu wa tatu moja kwa moja nisingemshauri, kwa kuwa uzito wa karibu kila jambo humu umejengwa katika misimu miwili iliyotangulia, ile ya 2019 na 2020. Na ambaye hajautazama kabisa ajue kwamba siwezi kuutathmini bila kufichua yanayotokea.

Kiongozi wa mashujaa hao ni Homelander, anayeigizwa na Antony Starr. Anaruka angani, anatoa miale ya moto machoni, na silaha za kawaida hazimdhuru. Alikulia maabara, bila mama wa kumbeba wala baba wa kumkemea, na njaa aliyobaki nayo ni moja tu, nayo ni kupendwa. Starr anaigiza njaa hiyo kwa misuli midogo ya uso. Mdomo unatabasamu ilhali macho yanamhesabia aliye mbele yake sekunde za kuishi. Sijaona uigizaji unaonitia hofu kiasi hicho bila mtu kupaza sauti.

Kuna onyesho ambalo Homelander anazungumza na sura yake kwenye kioo, na ile sura inamjibu. Inamweleza kwamba udhaifu wake ni kiu yake ya kupendwa, kwamba kiu hiyo ndiyo kipande cha binadamu kilichobaki ndani yake, na kwamba inafaa akikate na kukitupa. Wapo waandishi wengi ambao wangemfanya shujaa apoteze ubinadamu wake polepole bila kujua, kwa ajali au kwa laana. Hapa anaketi nao mezani na kuujadili kama mzigo. Nililazimika kusimamisha kipindi na kurudi nyuma kulitazama tena onyesho hilo, maana linaonyesha jambo ambalo maneno yetu mawili yanalieleza vizuri: Homelander anadhani akiutupa ubinadamu atabaki mungu, kumbe utu hakuwa nao tangu mwanzo, kwa hiyo kinachobaki baada ya kutupa ni nguvu tupu isiyo na mwenyewe.

Tukio la siku yake ya kuzaliwa, katika kipindi cha pili, linatangulia hilo na kuliandalia njia. Ametumwa akamwokoe binti aliyesimama ukingoni mwa jengo akitaka kujiua, habari mbaya inamfikia papo hapo, naye badala ya kumwokoa anamlazimisha aruke, hata baada ya binti mwenyewe kubadili nia. Kisha anaingia katika sherehe yake inayorushwa moja kwa moja kwenye televisheni, anaitupa hotuba aliyoandikiwa, na kuuambia umma kwamba amechoka kuomba radhi na kwamba yeye ni bora kuliko wao. Mtazamaji anasubiri aanguke. Haanguki, umaarufu wake unapanda. Tangu hapo anagundua kwamba hana haja ya kuigiza wema, na msimu mzima unakuwa ni kumtazama mtu akipima, hatua kwa hatua, ni unyama kiasi gani ambao watu watamshangilia kwa ajili yake.

Upande wa pili wa mizani ndiko nilikonogewa zaidi. Billy Butcher, kiongozi wa kundi dogo la watu wa kawaida wanaopambana na mashujaa wa Vought, anayeigizwa na Karl Urban, ameishi kwa chuki yake dhidi ya wenye nguvu hizo, na sasa anapata dawa mpya iitwayo V24, inayompa mtu wa kawaida nguvu kwa saa 24 tu. Anaitumia. Ni sawa na mtu aliyeapa kuwamaliza wachawi wa kijiji kizima, kisha akaonekana usiku kwa mganga akinunua hirizi, na Urban hajaribu kumfanya aonekane mwenye hoja nzuri. Uso wake baada ya kujidunga mara ya kwanza ni uso wa mtu aliyeonja kitu ambacho alijua kabisa atakipenda.

Hughie, kijana wa kundi hilohilo anayeigizwa na Jack Quaid, anaingia katika mtego huo kwa mlango mwingine, na mlango huo ni aibu. Mpenzi wake Annie, anayejulikana kwa umma kama Starlight, ana nguvu tangu utotoni na amemwokoa mara nyingi kuliko anavyopenda kukumbuka. Hughie anataka kwa mara moja awe yeye anayeokoa. Nguvu anazopata ni za kutoweka hapa na kutokea pale kufumba na kufumbua, isipokuwa nguo zake hazisafiri naye, kwa hiyo kila anapokwenda kuwa shujaa anafika uchi wa mnyama. Huo ni mzaha, naam, lakini ndio mzaha wenye akili kuliko yote ya msimu huu, kwa sababu unasema juu ya Hughie kile ambacho mwenyewe anakikataa. Annie hakumwomba amwokoe. Anapomweleza hivyo, Hughie anasikia kwamba hathaminiwi, na ugomvi wao unafanana sana na ugomvi wa nyumba yoyote ambamo mke ana kipato kikubwa kuliko mume na mume ameamua kwamba hilo ni tusi.

Hapo ndipo ninapoona waandishi wameshika uzi wao barabara. Dawa yenyewe inaua: Annie anagundua kwamba dozi tatu hadi tano zinatosha kummaliza mtumiaji. Butcher anaarifiwa na kunyamaza, akamwacha kijana anayemchukulia kama mdogo wake aendelee kujidunga sumu. Kunyamaza huko kulinichukiza kuliko vichwa vyote vilivyopasuka katika vipindi 8, kwa kuwa humo Butcher anafikia alipo Homelander bila kuhitaji miale machoni. Baadaye anajirudi kwa namna yake, yaani anampiga Hughie ngumi ya kumzimisha na kumwacha chooni katika kituo cha mafuta ili asipate nafasi ya kujidunga tena. Ukitaka kujua Butcher anapendaje, ni hivyo.

Hughie anafika kwenye pambano la mwisho akiwa na bomba la sindano mkononi. Annie, ambaye nguvu zake hutokana na mwanga na umeme, anazidiwa na adui ndani ya studio ya televisheni. Mwandishi wa kawaida angempa Hughie dozi ya mwisho ya kishujaa. Huyu Hughie anaiacha sindano, anakimbilia mitambo ya taa na kuziwasha zote kwa nguvu, ili Annie apate mwanga wa kupigania. Ni kazi ya fundi mitambo. Nililifurahia onyesho hilo kuliko mapigano yote yaliyolizunguka.

Kimiko, mwanamke pekee katika kundi la Butcher mwenye nguvu za Compound V, anayeigizwa na Karen Fukuhara, anasafiri njia inayokwenda kinyume na wenzake. Alipewa nguvu bila kuulizwa, anazipoteza vitani nchini Urusi, na anapozinduka hospitali anafurahi kama mtu aliyefunguliwa minyororo. Yeye asiyeongea anawaza kwamba anaimba na kucheza wodini pamoja na Frenchie, rafiki yake wa karibu kundini, onyesho la furaha safi ambalo sikulitarajia katika tamthilia hii. Lakini baadaye, akiwa hana nguvu zozote, analazimika kuua ili kumlinda rafiki yake, na anatambua kwamba ukali ule haukuwa wa dawa, ulikuwa wake. Anaomba adungwe Compound V upya, kwa hiari na akijua anachofanya. Malkia Maeve, shujaa mwenzake Homelander, naye anamaliza msimu akiwa amepoteza nguvu zake kwa kujitoa mhanga, na kuna Marvin wa kundi la Butcher, ambaye wenzake humwita MM, anayekataa dawa tangu mwanzo hadi mwisho ijapokuwa ndiye mwenye kisasi cha zamani zaidi. Ningependa apewe muda mrefu zaidi. Laz Alonso anamwigiza kwa utulivu unaostahili zaidi ya mistari aliyoandikiwa.

Kasoro zipo, na moja ni kubwa. Soldier Boy, shujaa wa zamani anayeigizwa na Jensen Ackles, anajengwa kwa vipindi kadhaa kuwa silaha pekee inayoweza kumnyang'anya Homelander nguvu zake. Tunafunuliwa hata kwamba ndiye baba yake mzazi, na mtu anajiandaa kwa hesabu ya mwisho. Kisha, katika kipindi cha mwisho, pande zinabadilika kwa kasi ya kutia shaka, Soldier Boy anarudishwa usingizini, na Butcher na Homelander wanabaki karibu pale walipokuwa, tofauti ikiwa kwamba Butcher anaambiwa amebakiwa na miezi ya kuhesabika. Ninaelewa sababu iliyotolewa, kwamba Butcher hawezi kumwacha mtoto Ryan, mwana wa Homelander na marehemu mke wa Butcher, aumizwe. Ninaelewa pia kwamba tamthilia inayopendwa haiwezi kumwondoa mwovu wake mkuu wakati misimu mingine inasubiri, na sababu hii ya pili inaonekana mno nyuma ya ile ya kwanza.

Kasoro nyingine ni ulafi wa kushtua. Kipindi cha sita kinaanza na onyo kwa watazamaji, na onyo hilo ni la haki, ila baada ya dakika kadhaa za uchafu mtu anachoka, na kuchoka ni hasara kwa sababu kipindi hichohicho kina pambano bora la msimu, ambamo Homelander anaona hofu kwa mara ya kwanza na kukimbia. Visa vya The Deep, shujaa wa Vought mwenye nguvu za majini, vingeweza kukatwa nusu bila mtu kulalamika. Cha A-Train, mkimbiaji anayeishia kuwekewa moyo wa mtu aliyemuua, kingestahili nusu hiyo.

Onyesho la kufunga msimu linarudisha heshima yote. Homelander anamleta mwanawe Ryan mbele ya umati wa mashabiki. Mpinzani mmoja anamrushia mtoto kopo, na Homelander anampasua kichwa kwa miale mbele ya kadamnasi. Kunakuwa kimya. Kisha mtu mmoja anashangilia, naye ni Todd, baba wa kambo wa binti wa MM, mtu wa kawaida kabisa asiyejidunga chochote, na umati mzima unamfuata. Kamera inamwendea Homelander anayeshangaa kwamba kumbe inawezekana, halafu inamwendea Ryan, naye anaanza kutabasamu.

Kwa mtazamaji mwenye bando dogo, programu ya Prime Video ya simu inaruhusu kupakua vipindi na kuvitazama baadaye bila intaneti, na kwa kuwa kila kimoja kina takriban saa moja, ni busara kuvipakua kwa ubora wa chini kidogo. Usiutazame msimu huu sebuleni wazazi wakiwepo, wala usimwachie mtoto simu eti kwa sababu ameona vazi lenye bendera na kofia ya shujaa. Mpwa wangu aliniuliza kama ni katuni, nikalazimika kuzima. Mimi ningeupa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoizuia ni ya nusu ya mwisho ya kipindi cha nane, ukiondoa zile taa za studio na lile tabasamu.