Pleya ya CD ya ex-UK, miezi saba hapa Kisumu: uzoefu wangu

Wacha nianze na bei ndio tusizungushane: 18,500. Jamaa alianza na 26,000, nikamwambia bosi, kwa hiyo pesa si napata mbuzi wawili wa Krismasi na kreti ya soda juu, akacheka, tukavutana hapo karibu nusu saa na vile jua ya Kisumu inachoma mchana hadi tukakutana katikati. Duka ni moja ya haya ya vitu vya ex-UK hapa tauni, jina naliacha, na hata kampuni iliyounda mashine sitaitaja juu kuna vitu nitalalamikia hapa na pengine ni makosa ya yule aliitumia kwanza huko Uingereza, ama ni yangu mwenyewe. Jua tu ni ya Kijapani, nyeusi, nzito kiasi, kilo nne hivi, ya bei ya katikati. Si zile za plastiki za elfu tatu na si zile za watu wanaopimia waya kwa rula.

Sababu ya kuinunua ni mzee wangu. Alistaafu akarudi boma huko Siaya akaniachia katoni mbili za CD, akasema "hizo usigawie mtu", na kila Jumapili akipiga simu, kabla hata ya kuuliza watoto, anauliza zile CD ziko aje. Nilizihesabu, ni 143. Orijino 62, za kuchoma 81. Za kuchoma ni zile za 2000 na kitu, unaandika orodha ya nyimbo kwa karatasi unaachia kijana wa kibanda pale stendi, ukirudi jioni unapewa CD imeandikwa na maka pen "Rumba 4". Vibanda hivyo sasa vyote vinauza kava za simu, na laptop ya kazi yangu haina hata mahali pa kuingiza CD, kwa hivyo nikaona nikingoja tena miaka miwili nitakua na katoni mbili za vioo vya kufukuza ndege kwa shamba.

Kitu cha kwanza cha kujua, na mimi hakuna aliniambia: hii mashine haitoi sauti peke yake. Haina spika, haina redio, ni kusoma CD tu. Mama watoto alipoiona mezani aliizunguka kama anatafuta mlango, akaniuliza "na sauti inatokea wapi?" Nyuma iko na matundu mawili, nyekundu na nyeupe, unachomeka waya za RCA upeleke kwa wufa ama amplifaya. Kama nyumbani huna hiyo, ongeza pesa kwa bajeti yako kabla hujaenda dukani, usije ukalia kama mzee wangu ambaye aliposikia bei akauliza kama kwa hiyo pesa hata taarifa ya habari haishiki.

Alafu angalia nyuma pale imeandikwa volti. Yangu imeandikwa 230V, na plagi yake ni ile ya pini tatu kama yetu, unachomeka unaendelea na maisha. Kuna jirani yangu hapa Migosi alipata moja safi sana kwa bei ya kutupa, kumbe imetoka Japani moja kwa moja, na huko stima yao ni volti 100. Akabadilisha plagi tu akaichomeka kwa ukuta. Haikuchukua dakika. Moshi ulitoka hata hajafungua trei. Ya Japani inataka transfoma ya kushusha, na transfoma nzuri nayo si bure, kwa hivyo hiyo bei ya kutupa si bei ya kutupa.

Sasa kwa kazi yenyewe. Ukisoma vile wazungu wanapima hizi pleya wanaongelea sauti tu, sijui upana, sijui hewa kati ya vyombo, na CD wanazotumia kupima ni mpya zimetoka kwa karatasi. Sisi swali letu la kwanza si hilo. Ni je, itasoma CD zangu vile ziko, na mikwaruzo yake na miaka yake? Kwa hivyo nilichukua daftari, jioni tatu mfululizo, nikaingiza moja moja zote 143 na kusikiza wimbo wa kwanza, wa katikati na wa mwisho. Watoto walidhani nimepewa kazi na serikali.

Orijino, zilikataa mbili peke yake. Za kuchoma zikakataa saba. Yaani tisa kwa 143, na kusema ukweli mi nilikua natarajia nusu. Hapa ndio mashine ilinifurahisha, juu kuna CD ya kwaya imekwaruzwa hadi inafanana na sufuria iliyosuguliwa na majivu na bado iliicheza mwanzo hadi mwisho bila kuruka.

Nikaanza kuuliza kwa nini hizo tisa, na fundi mmoja wa Kibuye ndio alinifungua macho. CD inasomwa na leza kuanzia ndani karibu na shimo ikienda nje, kinyume cha zile santuri za zamani zilizoanzia ukingoni. Orodha ya nyimbo zote iko hapo ndani kabisa, kwa hivyo CD ikiumia hapo mashine haioni kitu, inakuambia hakuna diski hata kama nyimbo zote ziko sawa. Mkwaruzo unaoenda wima kutoka shimo kwenda nje sio mbaya sana, mashine iko na hesabu ya kujaza hayo mapengo madogo. Ule wa kuzunguka ndio unaua, juu unafuata njia ile ile leza inapita na data inapotea nyingi kwa mpigo. Na sisi sote tumekua tukipanguza CD kwa kuzungusha! Mathe alikua anatumia leso yake, round round round, hadi ing'are. Panguza kutoka shimo kwenda nje, na kitambaa laini, basi.

Kitu kingine sikujua, upande wa kuogopea zaidi ni ule wa juu wenye maandishi. Chini kuna plastiki ya milimita 1.2 inalinda, lakini juu ni rangi na varnishi nyembamba tu halafu hapo hapo iko ile foili yenye muziki. Moja ya zile orijino mbili ukiiweka mbele ya balbu unaona nuru inapita kwa vitundu kama nyota. Hiyo hata ulete mashine ya laki tano haitasoma, muziki wenyewe haupo. Na zile saba za kuchoma, tano ni zile zilikua zinaishi kwa dashibodi ya pickup ya mzee. CD ya kuchoma haina mashimo ya kukanyagwa kiwandani kama orijino, iko na rangi inayochomwa na leza, na hiyo rangi jua inaikula polepole. Kama uko na zako ziweke kwa giza, kabatini, zisimame.

Lakini pia niseme hii, na iliniuma. Ile DVD yetu kuukuu ya elfu tatu mia tano, ile ya kutazamia katuni, nilipoijaribia hizo tisa ilisoma tatu. Tatu! Baada ya mimi kulipa 18,500. Fundi akasema ni kawaida, kila leza na macho yake, kuna mashine kali kwa CD iliyokwaruzwa na ni kipofu kwa ya kuchoma, na kuna kinyume. Sawa, lakini nilinyamaza kidogo hapo.

Kwa nini basi nisingetumia DVD tu? Nilitumia, mwaka mzima. Inataka TV iwe imewashwa ndio ujue uko wimbo gani, na watoto wakitaka TV muziki wako umekwisha. Hii unaweka CD, unabonyeza, namba ya wimbo unaiona kutoka kwa kochi.

Tuje kwa sauti. Wiki mbili za kwanza ilikua kwa wufa ya sebuleni na wacha nikuambie bila aibu, sikusikia tofauti yoyote na DVD. Wufa ni besi, besi, besi, inafunika kila kitu kama blanketi. Karibu niirudishe. Alafu shemeji akasafiri akaniachia amplifaya yake ya zamani na spika mbili za mbao, hapo ndio nikajua shida haikua pleya. Kwa rumba ya TPOK Jazz unajua kuna gitaa la solo, kuna la ridhimu, na katikati kuna mi-solo, lile linashona hayo mengine mawili. Miaka yote kwa simu na spika ya bluetooth mi nilikua nasikia magitaa ni moja kubwa. Hapa nikasikia huyu ako kushoto, huyu ako kulia, na mi-solo anaongea nao kama mtu wa kati kwa harusi. Benga ndio hata zaidi, zile nyuzi zinavyodonolewa harakaharaka kama nyatiti, kila mdonoo unausikia ukianza na ukiisha. CD inabeba kama kilobiti 1,411 kwa sekunde na zile MP3 tumezoea kutumiana nyingi ni 128, na zile za kuchoma ambazo kijana wa stendi aligeuza tu MP3 kuwa CD hazikupona, zinasikika vile vile bapa, matoazi yanalia shhh kama mafuta kwa karai.

Na mashine nzuri haifichi. Kuna CD moja orijino, ya nyimbo za miaka ya sabini, wenye kuitengeneza walirekodi tu kutoka kwa santuri, sasa unasikia sindano ikikwaruza na katikati ya wimbo muziki unafifia unanyamaza halafu unaanza tena, juu zile santuri ndogo wimbo ulikatwa mara mbili, nusu upande A, nusu upande B, na sebene yote, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, iko huko B. Mzee nilimpigia nikamwambia CD yako imeharibika akacheka sana. Akasema hapo ndipo walikua wanasimama wageuze sahani, na kama ulikua unacheza na msichana hapo ndipo unamshika mkono asiende kukaa.

CD za MP3 inasoma, nyimbo mia na kitu kwa diski moja, ila inaweka kimya cha sekunde moja mbili kati ya nyimbo. Kwa misa ya kwaya iliyorekodiwa moja kwa moja inakera. Kwa CD ya kawaida haifanyi hivyo.

Sasa malalamiko. Haikuja na rimoti, kama vitu vingi vya ex-UK, na mi nikaona rimoti ni ya nini, mbona naweza kusimama. Kumbe mbele ya mashine kuna vitufe vya kucheza, kusimamisha, kuruka na kufungua trei tu. Kurudia wimbo, kuchanganya, kuchagua namba moja kwa moja, yote iko kwa rimoti. Nilinunua ile ya kila kitu kwa 350, haikuijua kabisa. Binamu yangu ndio aliniokoa na simu yake yenye infraredi juu, akatafuta kampuni kwa ile programu, ya tatu ikaitika. Kwa hivyo nikitaka kurudia wimbo nangoja binamu atembee. Mkinunua, rimoti iwe kwa mkono kabla pesa itoke.

Stima ikipotea na CD iko ndani, imefungwa huko, hakuna katundu ka kuingiza pini kama kwa kompyuta. Tulikaa siku mbili na CD ya shule ya Jumapili tumboni mwa mashine na mwalimu wao anaitaka. Gadi ya TV niliiweka kutoka siku ya kwanza juu stima ikirudi huku inarudi na hasira.

Mwezi wa tatu ikaanza kuruka, hata CD nzuri. Unajua vile vidudu vya ziwa vinakuja wingu zima jioni vikiona taa, kumbe vilikua vinaingia kwa matundu ya juu. Fundi alifungua, vumbi na mabawa kila mahali, lenzi imepata ukungu. Akasafisha na spirit na kijiti cha pamba, pole pole kama anapaka mtoto dawa ya macho, akabadilisha pia kamkanda ka trei kalikua kamelegea hadi trei ilikua inafunguka ikitaka. 700 kwa jumla. Aliniambia nisinunue zile CD za kusafisha zenye kabrashi, na jioni niifunike, lakini ikishazimwa na kupoa. Tangu hapo iko sawa, na leso ya mathe imepata kazi mpya.

Kama ningerudi nyuma ningeinunua? Kwa 18,500 na rimoti, ndio. Bila rimoti, 14,000 na si zaidi. Na kama huna CD nyumbani usianze leo, mi ninazo 143 na mzee anapiga simu.

Au niseme 134. Zile tisa ziko kwa bahasha, fundi amesema nimpelekee Jumapili hii Kibuye, atajaribu kuzisugua na dawa ya meno. Hiyo ya vitundu nimemwonyesha kwa simu akatingisha kichwa, lakini akasema nije nayo tu.